Maharage ya Bi Thureya

Ibra, mwezi wa saba, joto arobaini na sita,
na shangazi yangu Bi Thureya kanunua sufuria ya umeme,
ile ya kupika polepole, kutwa, bila moto kuonekana.
Maharage mekundu ya soko la Jumatano,
nazi ya kopo, bizari, pilipili moja nzima juu.
"Hii," akasema, "haitaki mtu kusimama jikoni."
Saa sita za usiku tulikuwa watu saba
tunagombania choo kimoja.

Mwenye kazi ya maabara ni mimi, nikaulizwa mimi.
Nikasema: lektini.
Ni protini yenye mikono,
akiba ya mbegu kwa mdudu atakayeila.
Mikono haina macho, inapapasa tu
sukari iliyoota juu ya ngozi ya kila chembe hai;
ikiikuta iliyoizoea, haiachi.
Matumbo yetu yamevaa sukari hiyo. Basi.
Dakika kumi za kutokota zingeivunja vidole.
Uvuguvugu haukuifanya kitu.

Bi Thureya akanitazama kama niliyemtukana:
"Mama yangu akiyachemsha mpaka povu limwagike,
na maji ya kwanza akiyatupa. Hakusema protini."

Kweli, hakusema.
Alisema maji ya kwanza ni ya shetani.

Jumapili nikarudi benki ya damu.
Kichupa kidogo, maji ya mbegu, jamaa ya kunde;
tone moja juu ya damu ya mtu asiyejulikana kundi lake
na chembe nyekundu zikaanza kujongeleana,
zikashikana kama watu wa ukoo mmoja msibani.
Nikaandika kundi. Nikacheka peke yangu:
binamu yake katulaza Ijumaa,
huyu ananisaidia kula mshahara.

Ghorofa ya pili amelazwa Hamyar wa Raya,
miezi kumi na minne, mapafu, mara ya tatu tangu Idi.
Majibu yametoka Maskati:
ini lake linatengeneza mikono michache.
Maana nasi tunayo, Raya, yetu wenyewe,
inatembea ndani ya damu kama shada la maua,
inapapasa kila mpita njia,
na ikigusa sukari ya kijidudu, ile iliyopangwa kigeni,
inashika, inapiga ukelele.

"Basi atiwe mingi," Raya akasema. "Hata yangu."

Nikatafuta maneno. Mkono unaoshika kila kitu
huichoma nyumba iliyouajiri.
Iko lektini nyingine ambayo kazi yake
ni kuifuata chembe iliyopandwa na hasira
na kuigusa bega: imetosha.
Iko ya ini, inayowangoja wazee:
chembe ikichakaa huvuka kofia yake ya sukari,
na ini huijua kwa utosi ulio wazi, huipokea ndani.
Wengi wamekua na mikono michache wasijue.
Chanjo zake. Homa yoyote, usingoje asubuhi.
Akivuka mwaka huu wa pili, walinzi wengine watakuwa wamejifunza.

Sikumwambia "usiogope". Mimi mwenyewe niliogopa.

Mapokezi, karani akasikia lafudhi yetu,
akainua kichwa: nyinyi wa wapi?
Bi Thureya akamtajia ukoo mpaka babu wa saba,
kijiji, falaji, na upande wa falaji.
Karani akapapasa, akakuta alichokizoea,
akaturuhusu nje ya saa za kuona wagonjwa.

Hamyar alikuwa amelala, mdomo wazi.
Raya hakusema neno. Alishika unyayo wake
mpaka muuguzi akaja na kipimo: thelathini na saba na nusu.

Sufuria ya umeme sasa iko stoo, inawekewa vitunguu.
Ijumaa, jikoni, moto wa gesi mpaka juu,
Bi Thureya ananiita kwa sauti ya kugomba:
"Njoo uhesabu hizo dakika zako."
Nahesabu. Ya nane. Ya tisa.
Povu linainua kifuniko,
linamwagika, linazima moto upande mmoja,
naye hataki niupunguze.